Unasafiri na Kripto Kwenye Simu? Soma Haya Kabla Hujafika Mpakani

"Kaka, nina USDT elfu tatu kwenye simu, nikifika Namanga nazitangaza?" USDT ni kripto, yaani sarafu ya kidijitali, inayofuata thamani ya dola. Swali hili nimeulizwa mara nyingi mpaka nalijibu hata nikiwa kwenye foleni ya benki. Likiisha hilo linakuja la wenzangu wa Kariakoo: "Nikienda China kufuata mzigo, wakinikuta na Binance wananikamata?" Binance ni soko la mtandaoni la kununua na kuuza kripto. Halafu la vijana wanaokwenda kazini Ghuba: "Nikifika huko akaunti yangu itafungwa?" Kujibu mmoja mmoja kumenichosha, kwa hiyo naandika yote hapa.

Jibu fupi ni hili: kwa nchi nyingi, kuvuka mpaka ukiwa na kripto si kosa, na hakuna fomu ya kuitangaza. Watu wanaponzwa na kuchenji. Wanaponzwa na yule waliyemuuzia upande wa pili, na noti alizowapa, na namna walivyorudi nyumbani na hizo noti. Ndiyo maana utaona nusu ya mwongozo huu inazungumzia mambo yanayotokea baada ya mpaka.

Mimi ni mfanyabiashara, si wakili. Kwa mtaji wa kununulia nguo au simu haya yanatosha. Ukiwa unahamisha pesa ya kujengea ghorofa, mlipe wakili.

Andaa hivi kabla ya kuanza

- Pasipoti, au kitambulisho kile kile ulichofungulia akaunti ya soko la kripto. Jina likitofautiana hata herufi moja, rekebisha ukiwa nyumbani.
- Pochi mbili za kripto (programu au kifaa cha kutunzia ufunguo wa sarafu zako): ya nyumbani, yenye akiba, na ya safari, yenye pesa ya safari tu.
- Maneno 12 au 24 ya kurejeshea pochi, yameandikwa kwa kalamu na kuachwa nyumbani.
- Programu ya kuzalisha namba za uthibitisho, ili usitegemee namba zinazotumwa kwa SMS.
- Taarifa ya miamala ya miezi 12 kutoka kwenye soko lako, kwa PDF, moja kwenye simu na nyingine imechapishwa.
- Pesa ya kawaida ya kukutosha siku tatu bila kugusa kripto. Hili watu wanalidharau, na ndilo linalowafanya wauze kwa haraka kwa mtu wasiyemjua.

Hatua ya 1: Jua sheria inaona nini mfukoni mwako

Sarafu zako hazimo ndani ya simu. Zimeandikwa kwenye blokucheni, daftari la wazi ambalo nakala zake zipo kwenye kompyuta dunia nzima. Simu, au kifaa kidogo cha pochi kama Ledger au Trezor, kimebeba ufunguo tu, yaani siri inayokuruhusu kuzihamisha.

Fomu ya forodha inauliza kitu kingine kabisa: noti, hundi za wasafiri, na hati ambazo yeyote anayezishika anaweza kwenda kuchukua pesa. Fomu 105 ya Marekani iko hivyo, na kanuni ya Umoja wa Ulaya ya fedha taslimu, namba 2018/1672, iko hivyo pia, ingawa hiyo inaongeza na dhahabu. Bitkoini haimo. Kwa hiyo yule wa Namanga mwenye USDT elfu tatu hana cha kujaza.

Ila usiondoke na nusu ya jibu. Afisa akikuuliza kwa mdomo wake kama una kripto, jibu ukweli. Kutokuwa na wajibu wa kutangaza hakukupi ruhusa ya kudanganya, na kumdanganya afisa ni kosa linalojitegemea hata kama ulichoficha kilikuwa halali.

Hatua ya 2: Pitia nchi zote za njiani

Andika kwenye karatasi nchi unayotoka, unayopita na unayokwenda. Kama unabadilisha ndege bila kutoka uwanjani, mara nyingi nchi ya kupita isikunyime usingizi. Ukitoka kwenda kulala hotelini hata usiku mmoja, umeshaingia, na sheria zao zimekushika.

*Tanzania.* Novemba 2019 Benki Kuu ilitoa tangazo la kukataza kuziuza, kuzinadi na kuzitumia sarafu hizi, kwa hoja kwamba zinakwenda kinyume na kanuni za fedha za kigeni. Juni 2021 Rais Samia akaitaka Benki Kuu ianze kujiandaa nazo. Kisha Sheria ya Fedha ya 2024 ikaleta kodi ya zuio ya asilimia 3 kwenye malipo ya kubadilishana au kuhamisha mali za kidijitali, kuanzia 1 Julai 2024. Yaani mkono mmoja unasema usifanye, mwingine unasema ukifanya nikatie changu. Mimi nakaa upande salama: kuwa nazo sioni tatizo, ila kuzitumia kulipia bidhaa dukani au kufungua kijiwe cha kuchenji ni kujitafutia kesi.

*Kenya.* Hapa mambo yamenyooka zaidi. Sheria ya watoa huduma za mali za kidijitali ilianza kutumika 4 Novemba 2025, na wasimamizi ni Benki Kuu ya Kenya pamoja na Mamlaka ya Masoko ya Mitaji. Mwezi huo huo walitoa tangazo kwamba bado hawajampa mtu leseni chini ya sheria hiyo, kwa hiyo anayekuonyesha "leseni" ya mwaka huo mtilie shaka. Ile kodi ya asilimia 3 iliyoanza Septemba 2023 imefutwa. Tangu Julai 2025 kuna ushuru wa asilimia 10, lakini unakatwa kwenye ada anayotoza mtoa huduma, hauugusi mtaji wako. Watu wengi bado wanachanganya hizo mbili.

*Uganda.* Aprili 2022 Benki Kuu iliziandikia kampuni za malipo kwamba zisisaidie kugeuza kripto kuwa pesa ya simu. Ukivuka Mutukula au Busia, usipange safari kwa kutegemea kuuza na kupokea kwenye laini ya huko.

*Burundi.* Serikali ilipiga marufuku biashara ya sarafu hizi 2019. Zikae zilipo mpaka utoke.

*China.* Wenzangu wa Guangzhou, hapa msome mara mbili. Tarehe 24 Septemba 2021 Benki Kuu ya China na taasisi nyingine tisa zilitoa ilani kwamba biashara ya sarafu hizi ni shughuli haramu ya kifedha, na masoko ya nje kuwahudumia watu walio ndani ya China ni haramu pia. Ilani hiyo haikusema kwamba mgeni mwenye pochi kwenye simu ni mhalifu. Ililenga kununua, kuuza na kuchenji. Sasa kuna wauzaji watakaokwambia, "rafiki, nilipe kwa USDT." Ukilipa na mzigo usije, unakwenda kushtaki kwa mkataba gani? Ilani yenyewe ilisema miamala hiyo ikikiuka utaratibu wa umma haitambuliki na hasara ni yako. Na ukiuza USDT upokee yuani kutoka kwa usiyemjua, akaunti iliyopokea inaweza kuzuiwa na polisi kwa sababu pesa hiyo imetokana na utapeli wa mtu mwingine. Mlipe muuzaji kwa benki.

*Falme za Kiarabu.* Dubai ina mamlaka yake ya mali hizi, VARA, iliyoundwa kwa sheria ya 2022, na orodha ya waliopewa leseni iko wazi kwenye tovuti yao. Kuwa nazo ni halali, kuchenji kwa mwenye leseni ni halali. Jamaa anayekusubiri kwenye ukumbi wa hoteli na mfuko wa noti hayumo kwenye orodha hiyo.

*Kuwait, Qatar, Misri, Aljeria.* Julai 2023 Kuwait ilipiga marufuku kulipa na kuwekeza kwa kripto, na kuichimba, yaani kuizalisha kwa kompyuta. Qatar imezikataza benki zake kujihusisha tangu 2018. Misri, ambako tuna wanafunzi wengi, sheria ya Benki Kuu namba 194 ya 2020 inakataza kuziuza na kuzinadi bila leseni. Aljeria ndiyo kali kuliko zote: sheria ya Julai 2025 inafanya hata kumiliki kuwa kosa la jinai, na kifungo kimo. Ukienda Aljeria, ondoa programu zote za kripto kwenye simu na uache kile kifaa nyumbani. Hapo kanuni yangu ya "kuvuka si kosa" haifanyi kazi.

*Ulaya, Uingereza na Marekani.* Kumiliki ni halali. Huko uzito uko kwenye kodi na utambulisho, nitagusia mbele.

Hatua ya 3: Punguza unachobeba

Usisafiri na akiba yote. Hamishia kwenye pochi ya safari kiasi unachohitaji, na pochi kuu iache nyumbani na maneno yake.

Maneno hayo ndiyo pesa. Kwa sheria ni karatasi tu, hakuna afisa atakayeihesabu kama fedha taslimu, lakini yeyote atakayeipiga picha anaweza kuhamisha kila kitu kabla hujamaliza kufunga begi. Nimewahi kumwona abiria mbele yangu begi lake likifunguliwa mezani: soksi, dawa ya meno, daftari la shule. Afisa akafunua daftari kurasa mbili tatu bila nia yoyote, na pale palikuwa na orodha ya maneno ya Kiingereza yenye namba kuanzia 1 hadi 24. Afisa hakuelewa. Mimi nyuma yake nilielewa. Na foleni ilikuwa na watu kumi.

Makosa ninayoyaona sana hapa:

- Kupiga picha maneno na kuihifadhi kwenye simu ile ile.
- Kujitumia WhatsApp "ili nisisahau".
- Kuyakariri tu bila kuyaandika popote. Ukiugua au ukipata ajali, familia haina pa kuanzia.
- Kumpa msafiri mwenzako akubebee kifaa. Akikamatwa kwa mambo yake, chako kinakwenda naye.

Kifaa chenye betri, kama Ledger Nano X, weka kwenye begi la mkononi, usikitie kwenye mzigo wa chini.

Hatua ya 4: Tengeneza karatasi ya asili ya pesa

Kazi ya jioni moja. Pakua taarifa ya miamala, weka alama pale uliponunua na pale pesa ilipotoka: mshahara, mauzo ya duka, mkopo wa benki. Ongeza leseni ya biashara au barua ya mwajiri. Ikiwa unakwenda kununua mzigo, chapisha na ankara ya makadirio kutoka kwa muuzaji.

Kwa nini ujisumbue wakati fomu haikuulizi? Kwa sababu atakayekuuliza ni benki. Siku utakapogeuza sarafu kuwa pesa na kuiingiza kwenye akaunti, mtu wa benki atauliza imetoka wapi, na "nilinunua zamani kwa rafiki" si jibu.

Hatua ya 5: Tayarisha simu na laini

Hamisha uthibitisho wa hatua mbili kutoka SMS kwenda kwenye programu ya namba. Programu hiyo inafanya kazi hata bila intaneti. Laini ya nyumbani iwe na huduma ya kutumika nje ya nchi, na uijaribu mapema: mwombe mtu akutumie ujumbe mara tu ukishavuka, usisubiri siku ya shida.

Kwa China kuna la ziada. Gmail haifunguki kwa intaneti ya kule, kwa hiyo kama soko lako linatuma namba kwenye barua pepe ya Gmail, umekwama. Laini yako ya nyumbani ikiwa na bando la nje mara nyingi inafungua, kwa sababu data inapitia mtandao wa kwenu. Wi-Fi ya hoteli haitakusaidia.

Angalia pia soko lako linahudumia nchi gani. Binance haiwahudumii wakazi wa Marekani, na ilijiondoa Canada 2023. Ukiingia kutoka nchi ambayo haimo, baadhi ya huduma zinaweza kuzimwa. Usikimbilie VPN kudanganya uko wapi. Masharti uliyoyakubali bila kusoma yanakataza, na akaunti ikifungwa kwa sababu hiyo huna hoja. Hamisha kwenye pochi yako mwenyewe kabla ya safari, basi.

Hatua ya 6: Mpakani, tangaza kinachotakiwa

Hapa ndipo watu wanatetemeka bure. Kinachotangazwa ni pesa taslimu. Shika viwango hivi:

- Tanzania na Kenya: dola 10,000 au thamani yake kwa sarafu yoyote.
- Umoja wa Ulaya: yuro 10,000. Uingereza: pauni 10,000. Marekani: zaidi ya dola 10,000.
- Falme za Kiarabu: zaidi ya dirhamu 60,000, kama dola 16,300.
- Saudi Arabia: riyali 60,000. Oman: riali 6,000.
- China: fedha za kigeni zaidi ya dola 5,000. India: noti zaidi ya dola 5,000, au jumla zaidi ya dola 10,000 ukijumlisha na hundi za wasafiri. Ndugu zangu wanaopeleka wagonjwa India, hiki cha 5,000 kinawanasa wengi.

Marekani na Uingereza wanaihesabu familia inayosafiri pamoja kama kapu moja. Baba 6,000, mama 6,000, hapo mmeshavuka kiwango. Na usigawe noti kwa wenzako ili kila mmoja awe chini. Marekani kufanya hivyo kwa kukwepa fomu ni kosa lenyewe, na kwingine kunaleta maswali ambayo fomu isingeleta. Kutangaza hakukatwi kodi. Ni karatasi tu.

Ukiulizwa, jibu kwa ufupi na kwa lugha ya kawaida. Namanga ni kituo cha pamoja, ukitoka Tanzania unamalizana na nchi zote mbili kwenye jengo la upande wa Kenya. Safari moja nilikuwa na kile kifaa kwenye mfuko wa nje wa begi. Afisa akakishika kwa vidole viwili.

"Hii ni flashi?"

"Hapana afande, ni ufunguo wa pochi yangu ya kripto."

"Iko na pesa ndani?"

"Pesa haziko humo, humo kuna ufunguo tu."

Akakigeuza, akakirudisha. "Na keshi umebeba ngapi?"

"Dola mia sita na shilingi za nauli."

"Haya, songa."

Ningesema ni flashi ingeisha mapema zaidi, najua. Lakini angeichomeka kwenye kompyuta akaona si flashi, maongezi yangekuwa mengine. Na usianze kumfundisha blokucheni pale dirishani. Jibu ulichoulizwa, nyamaza.

Kuhusu simu yenyewe: Marekani maafisa wa mpakani wana mamlaka ya kukagua simu bila kibali cha mahakama, na mgeni akikataa kufungua anaweza kurudishwa. Uingereza, ukisimamishwa chini ya Jedwali la 7 la Sheria ya Ugaidi ya 2000, kukataa kutoa nywila ni kosa. Ndiyo sababu ya Hatua ya 3: simu ikifunguliwa, ionekane pochi ya safari yenye pesa ya safari, na hiyo ndiyo kweli.

Hatua ya 7: Kuchenji, na hapa nenda polepole

Kama unahitaji dola mia tatu tu upande wa Kenya, usihangaike na kripto. M-Pesa ya Tanzania inatuma kwenda M-Pesa ya Kenya tangu 2015. Kripto ina maana kwenye kiasi kikubwa au mahali ambapo njia nyingine hazifiki.

Ukilazimika kuuza kwa P2P, yaani mtu kwa mtu kupitia soko linaloshikilia sarafu mpaka uziachie, hakikisha jina la aliyelipa ndilo jina lililo kwenye akaunti ya mnunuzi. Herufi kwa herufi. Mimi nililipuuza hili Nairobi. Niliuza USDT 400, mnunuzi alikuwa na sifa nzuri, pesa ikaingia kwa dakika mbili, ila jina lililotokea lilikuwa la mama mmoja wakati mnunuzi alijiita kwa jina la kiume. Akaandika, "ni laini ya wife." Nikaachia sarafu. Asubuhi laini yangu ya huko haikutoa hata shilingi. Kumbe yule mama alikuwa ametapeliwa, akaambiwa atume pesa kwenye namba yangu, na aliporipoti mimi ndiye niliyeonekana mwizi. Siku tisa nilizungushwa, na nauli ya kurudi nilikopa. Kilichoniokoa ni picha za mazungumzo na taarifa ya muamala, ile karatasi ya Hatua ya 4.

Kwa hiyo: jina lisipolingana, usiachie sarafu, rudisha pesa na ufungue malalamiko kwenye soko. Usiuze kwa mkono barabarani. Kiasi kikubwa kipeleke kwa kampuni yenye leseni hata kama bei yao iko chini kidogo. Hiyo tofauti ndogo ni nafuu kuliko siku tisa.

Kama unapokea kutoka kwa ndugu aliyeko Ulaya, mwambie atume siku kadhaa kabla. Tangu 30 Desemba 2024 masoko ya Ulaya yanatakiwa kubeba taarifa za mtumaji na mpokeaji kwenye kila uhamisho, na uhamisho wa zaidi ya yuro 1,000 kwenda pochi yake binafsi unamtaka athibitishe kwamba ni yake kweli. Akikosea jina lako, pesa inakaa njiani huku wewe uko Dubai unalipa hoteli.

Hatua ya 8: Kurudi nyumbani

Ulivuka na sarafu, unarudi na noti. Sasa umegeuka kuwa mtu anayetakiwa kujaza fomu, na wengi wanasahau kwa sababu wakati wa kwenda hakuna aliyewauliza. Ukichenji Dubai ukapata dirhamu 70,000, unatangaza ukitoka Dubai na unatangaza ukiingia Dar. Weka risiti ya kuchenji pamoja na pesa, usiitie kwenye begi la chini.

Kodi inafuata unakoishi, si ulikouza. Tanzania na Kenya, ukikaa siku 183 ndani ya mwaka umeingia kwenye hesabu ya mkazi. Ndugu wenye kadi ya kijani Marekani, fomu ya kodi 1040 ina swali la mali za kidijitali kwenye ukurasa wa kwanza, na "niliuzia Zanzibar wakati wa likizo" bado jibu lake ni ndiyo. Wa Uingereza, faida ya mauzo ikizidi pauni 3,000 kwa mwaka inaripotiwa. Na kuanzia 2027 nchi za kwanza zitaanza kupeana taarifa za akaunti za kripto kama zinavyopeana za benki, hivyo tunza rekodi ya kila safari kuanzia sasa.

Ukikwama

*Simu imeibiwa ugenini.* Tumia simu ya mtu unayemwamini kufunga akaunti ya soko kwanza, kisha piga kwa mtandao wako wafunge laini. Pochi ya safari itarejeshwa nyumbani kwa maneno yake. Usimsomee mtu maneno hayo kwa simu, hata mke au mume. Simu ya hoteli si ya kuaminika. Chukua na ripoti ya polisi wa huko.

*Akaunti imefungwa nilipotua.* Mara nyingi ni mfumo umeona nchi mpya. Tuma picha ya pasipoti pamoja na muhuri wa kuingia, eleza uko safarini na tarehe ya kurudi. Usijaribu kuingia mara kumi, unajichimbia shimo.

*Afisa anataka nilipe "faini ya bitkoini" papo hapo.* Muulize kwa heshima ni kifungu gani na uombe stakabadhi ya serikali. Faini halali ina stakabadhi. Omba kuonana na msimamizi wa zamu. Nimeona suala likiyeyuka pale tu neno "stakabadhi" lilipotamkwa.

*Wamechukua kifaa.* Usigombane. Dai hati yenye orodha ya vilivyochukuliwa, jina la afisa na tarehe. Ukifika nyumbani kwenye nakala yako ya maneno, itumie kuhamisha sarafu kwenda pochi mpya, isipokuwa umeambiwa kuna uchunguzi au amri ya kuzizuia. Hapo usiguse kitu, tafuta wakili kwanza, maana kuhamisha mali inayochunguzwa kunazaa kesi ya pili.

*Nilisahau kutangaza noti na nimeshapita dirisha.* Rudi. Kama bado uko ndani ya jengo la forodha, geuka, sema, "samahani, nimesahau kujaza fomu ya fedha." Utaonekana mshamba kwa dakika tano. Wakizikuta wenyewe getini, zinaweza kushikiliwa zote, na hapo ndipo utaulizwa kila kitu, kuanzia siku uliyonunua bitkoini yako ya kwanza.